Hiyo Mnayoiita Chakula cha Punda

Haya, tuanze na lile neno.

Wiki mbili zilizopita nilipandisha klipu ya dakika moja na nusu. Bibi yangu amekaa mkekani, sinia mbele yake, anachambua mchunga aliouchuma mwenyewe. Hakuna muziki, hakuna maneno, ni mikono yake tu na yale maziwa meupe ya majani yakimganda vidoleni. Komenti iliyopendwa kuliko zote ikasema: "Sasa punda wa Lamu watakula nini, na nyasi zao mmezimaliza?"

Nilicheka. Ni komenti nzuri, siwezi kumnyima mtu haki yake. Lakini zilizofuata hazikuwa utani. "Si mumnunulie bibi sukuma." "Kumbe hali ni ngumu hadi huko." "Kaunti ione hii." Watu wakaanza kumwombea bibi msaada, wallahi, bibi ambaye siku hiyo alikuwa na changu wawili kwenye friji na ng'onda juu ya kabati.

Kwa hiyo leo naandika, manake hili haliingii kwenye dakika moja na nusu. Ninachosema ni hiki: kula mboga inayoota yenyewe si dalili ya njaa, ni elimu. Na sisi vijana, wa Lamu na wa Mombasa na wa Nairobi, tunaicheka elimu hiyo wakati inatutoka mikononi, na pamoja nayo unatutoka udongo inaootea. Kitu ukishakiita magugu, siku kikifyekwa hakuna atakayeuliza.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Sizungumzii majani yoyote tu ya njiani. Kuna mchicha wa porini, ule mwembamba, mpaka ule wenye miiba ambao unauchuma kwa heshima. Kuna mnavu, wenye vitunda vidogo vinavyogeuka vyeusi vikiiva. Kuna mgagani, ambao ukiupikia jikoni jirani wa tatu anajua. Kuna mrenda, unaoteleza kama bamia. Kuna ile mimea minene minene inayotambaa kwenye mchanga wa chumvi karibu na mikoko, wengine huiita mboga pwani, yenye chumvi yake tayari ndani ya jani. Na kuna mchunga wenyewe, mfalme wa uchungu, wenye maua ya manjano.

Mchunga hauchumwi ukishatoa maua mengi, unakuwa mgumu na mchungu wa kukasirisha. Unachukua majani machanga, unaosha mara tatu kwa sababu mchanga wa Lamu hauna adabu, unachemsha. Bibi husema kwa Kiamu chake, "Mai ya kwanda, mwaga." Maji ya kwanza yanaondoka na nusu ya uchungu. Unakamua, unakata kata, unachanganya na mchicha kidogo ili ulimi usigome, halafu tui jepesi, kitunguu, nyanya, pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, usilichemshe likakatika. Ukiwa na ng'onda au papa mkavu, ndiyo hapo. Ukila na sima utaelewa kwa nini wazee hawakuwa na haraka ya kununua kabichi. Na kama unapenda hesabu za lishe kuliko ladha: majani ya mchicha yana madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A kuliko hiyo kabichi mnayoiona ya maana kwa sababu ina bei.

Sasa twende kwenye unafiki, manake hapo ndipo damu inaponichemka.

Hawa hawa waliocheka punda, nikiingia kwenye kurasa zao naona wamesambaza video za wazungu. Ni Juni, kwao ndiyo joto, dada amevaa gauni jeupe, ana kikapu, anatembea shambani anachuma majani, anarudi jikoni anatengeneza salati. Komenti: "Maisha ya ndoto." "Nataka kuhamia hapo." Jani lenyewe, wanaliita dandelion, ni ukoo mmoja na mchunga wetu. Familia moja, maua ya manjano hayo hayo, maziwa meupe hayo hayo, uchungu huo huo. Tofauti ni gauni.

Ugiriki kuna sahani inaitwa horta. Ni majani ya porini yaliyochemshwa, mafuta ya zeituni juu, limau pembeni. Inaandikwa kwenye menyu za mikahawa na watalii wanalipa. Copenhagen kulifunguliwa mkahawa mwaka 2003 unaitwa Noma (si noma yetu, ni jina lao), ukajenga sifa yake kwa mimea ya porini na ya ufukweni, na mwaka 2010 ukatajwa kuwa mkahawa bora duniani. Majani ya ufukweni, jamani. Yale yanayoota pale ambapo sisi tunatupa chupa.

Sisemi tuige Copenhagen. Nasema mnaona aibu ya kitu ambacho wengine wanakatia tiketi za ndege, na hamjajiuliza hiyo aibu mliitoa wapi.

Mimi nimejiuliza. Na jibu langu halitawapendeza baadhi ya watu wa nyumbani.

Lamu ni mji wa mawe, na mawe yalikuwa na wenyewe. Waungwana walikaa Mkomani ndani ya majumba ya ghorofa, wakila wali na nyama na mikate. Chakula kilitoka mashambani, na mengi ya mashamba hayo katika karne ya 19, kule bara ng'ambo ya maji, yalilimwa na watumwa. Mtumwa alikula nini? Alikula alichoweza kuchuma baada ya kazi ya mwenyewe shamba. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye ukanda wetu wa pwani mwaka 1907, lakini sheria haikufuta mdomo. Mpaka leo kuna familia ambazo mtu akionekana anarudi na majani kwenye kanga anaambiwa ana mambo ya shamba, na "shamba" hapo si shamba tu. Kila mtu wa Lamu anajua neno hilo linamaanisha nini likisemwa kwa sauti ile. Tunajifanya hatujui.

Kwa hiyo ukisema "chakula cha punda" unadhani umetunga mzaha mpya wa mtandaoni. La. Unarudia dharau ya zamani sana, iliyoanzia kwenye roshani, na huenda ilikuwa inamlenga mama wa babu yako mwenyewe.

Mtu mmoja ataniambia, sawa, lakini siku hizi kuna soko, kwa nini tujisumbue? Hebu tuzungumzie soko. Mboga nyingi zinazouzwa mjini Lamu hazijaota kisiwani. Zinakuja kwa lori hadi Mokowe, zinashushwa, zinapanda boti, zinavuka, zinapakiwa kwenye punda au mkokoteni, ndipo zifike kwako zikiwa zimenyauka na zimeongezewa bei kila hatua. Ikiwa barabara iko sawa. Mwisho wa 2023, mvua za El Niño zilipoikata barabara ya Lamu kwenda Garsen, malori yakakwama na mji mzima ukawa unaangalia upande wa Mokowe kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Nakumbuka nyumba zilizokaa siku baada ya siku bila hata fungu la sukuma, watu wakilalamika kwamba hakuna mboga.

Hakuna mboga! Mvua ile ile iliyokata barabara ilikuwa imeotesha mchicha nyuma ya kila ukuta wa Langoni. Mnavu ulikuwa umefika magotini. Watu walikuwa wanaukanyaga wakienda kuuliza kama lori limefika. Kama hilo si jambo la kusikitisha basi sijui neno hilo tumewekewa la nini.

Na mkiniambia hayo ni ya mvua tu, joto likija kila kitu kinakauka: sikilizeni. Sisi hatuna kiangazi cha Juni kama cha kwenye video. Masika hunyesha kuanzia mwezi wa nne, kusi inavuma, kila kitu kinakuwa kijani. Joto letu ni la kaskazi, Disemba hadi Machi, wakati mchanga unachoma mpaka paka wanatembea kwa kuruka. Wakati huo sukuma uliyopanda kwenye debe inalala chini kabla ya adhuhuri. Mchunga haulali. Una mizizi inayotambaa chini ya ardhi, ukikatwa unachipua tena. Mboga pwani nayo inakunywa maji ya chumvi na inang'aa. Yaani katika msimu ule mgumu kabisa, mimea iliyobaki imesimama ni ile tunayoiona haina maana. Bibi anajua ni kona gani ya kisima inabaki na unyevu mwezi wa pili. Mimi nina simu yenye ramani ya dunia nzima na hiyo kona sikuwa nayo.

Shule haitatuokoa, kwa taarifa yenu. Mtoto wa jirani yangu aliambiwa alete mboga za kienyeji darasani, kazi ya CBC. Mama yake akampa mdogo wake pesa akanunue sokoni. Mtoto akabeba mchicha wa dukani, akapita juu ya mchicha wa bure mlangoni kwake, akapata alama zote. Simlaumu mama, ana kazi. Lakini picha hiyo ndiyo sisi.

Na si kwamba hakuna waliofanya kazi. Mwaka 1999 Patrick Maundu wa Makavazi ya Taifa na wenzake walitoa kitabu kizima kuhusu mimea ya chakula cha asili ya Kenya, mamia ya mimea, na majina yake katika lugha zetu. Mwaka 2021 UNESCO ikaiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kwenye rejista yake ya mifano mizuri ya kulinda turathi. Dunia imetupigia makofi. Lamu yenyewe iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa milango ya kuchonga na viambaza vya matumbawe. Huwezi kubadilisha mlango wako bila watu kuja kuuliza. Lakini bibi anayejua majani ishirini akifa, hakuna ofisi inayokuja kuuliza kitu. Kwenye sherehe zetu za utamaduni tuna mbio za punda, mashindano ya majahazi, bao, kuogelea. Sijawahi kuona shindano la kutambua mboga. Punda ana shindano, chakula mnachosema ni chake hakina.

Haya. Hapa sasa nataka mnisikilize vizuri, manake mpaka hapa mnaweza kudhani nazungumzia mapishi.

Watu wanaojua porini kuliko sisi sote katika kaunti hii si Waamu. Ni wale mnaowaita Waboni. Wenyewe hujiita Aweer. Hawa ni watu walioishi kwa msitu: asali, matunda, mizizi, majani, mawindo. Wanajua ndege wa kuwaongoza kwenye mzinga. Mimi na bibi yangu na mchunga wetu wa nyuma ya nyumba, mbele yao ni watoto wa chekechea.

Sasa hesabu walichofanyiwa. Miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, waliondolewa ndani ya msitu wakawekwa kwenye vijiji kando ya barabara ya kutoka Hindi kwenda Kiunga. Mwaka 1976 hifadhi za Boni na Dodori zikatangazwa juu ya ardhi waliyoizoea. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Halafu Juni 2014 likaja shambulio la Mpeketoni na vijiji vya karibu, watu zaidi ya 60 wakauawa, na Septemba 2015 serikali ikaanzisha operesheni ya Linda Boni kuwatoa al-Shabaab msituni. Msitu ukawa uwanja wa vita. Kuingia kuchuma au kurina asali kukawa hatari mara mbili, kwa magaidi na kwa kudhaniwa gaidi.

Sisemi hakukuwa na hatari. Nina jamaa waliozika watu Mpeketoni, msije mkanifundisha. Nasema kwamba watu waliojilisha kwa vizazi walijikuta wanapanga foleni ya mahindi ya msaada, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyekihesabu walichokuwa wakila kuwa chakula. Ingekuwa ni shamba la mahindi lililofungwa, tungesikia habari za fidia. Msitu? "Hao walikuwa wanakula majani tu."

Shule za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe zilifungwa kwa miaka, na watoto wengi wakapelekwa kusoma bweni Mokowe. Nilisoma na msichana mmoja kutoka upande huo. Alikuwa mkali wa hesabu. Siku moja tukitembea akaniambia nyanya yake anaweza kuishi wiki msituni bila kubeba chochote, na yeye hawezi hata siku. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasema hajui kuogelea. Wenzetu kwenye kundi wakacheka, "Kwani wewe unataka kuishi msituni?" Akanyamaza.

Huo ndio mzaha wenu wa punda. Ukiusema Nairobi ni mzaha. Ukifika Mangai ni sera.

Na msidhani sisi wa visiwani tuko salama. Mashamba ya Kililana yalichukuliwa kwa ajili ya bandari ya LAPSSET, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Wavuvi walienda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi ikasema haki zao zilivunjwa, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi kama 4,600. Hongera zao, walipigana. Lakini angalia walishindaje: mvuvi ana boti, ana BMU, yumo kwenye daftari, anaweza kusema nilikuwa napata hiki, sasa sipati. Mama anayechuma mboga pembeni mwa mikoko ana daftari gani? Sijawahi kuona fomu ya fidia yenye mstari wa mchunga. Mnazi unahesabiwa, mwembe unahesabiwa. Kilichoota chenyewe si cha mtu, na kisicho cha mtu kinachukuliwa na yeyote mwenye karatasi.

Na karatasi Lamu tunazijua. Julai 2014 rais mwenyewe alitangaza kufuta hati za ekari karibu 500,000 za kaunti hii zilizokuwa zimeingia mikononi mwa kampuni. Laki tano! Watu walikuwa wanachunga, wanachuma, wanakata makuti kwenye ardhi ambayo kwenye makaratasi ilikuwa imeshauzwa. Hata vile vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo ndivyo vinavyokusanya maji ya mvua ya visima vyetu, kila mwaka kuna kelele ya ukuta mpya unaosogea. Ukuta ukijengwa, kwanza kinapotea kilichokuwa kinaota hapo, halafu kinapotea kijia cha kwenda kuchuma, halafu jina la mmea. Mdogo wangu wa miaka kumi hajui mgagani ni nini. Si kwamba amekataa kujifunza. Pale ulipokuwa unaota pana nyumba ya wageni yenye bwawa.

Sasa wale wa upande wa pili, msishangilie sana. Najua nikimaliza kuandika haya kutakuwa na watu wa afya na ngozi watakaonitumia ujumbe. Wameshaanza. "Tushirikiane, unga wa mchunga, pakiti nzuri." "Tufanye ziara ya kuchuma mboga na watalii, dola hamsini kwa kichwa." Mmoja akaniuliza bibi ataweza kuvaa nguo "za kiasili zaidi". Bibi yangu ana deraa lake la maua na atalivaa hilo hilo.

Jibu langu kwenu ni hapana, na sababu si ubahili. Kona ile ya kisima ina mboga za kutosha nyumba nne au tano zinazojua kuchuma. Bibi ana kanuni moja aliyonipigia kelele tangu nikiwa mdogo: "Tukua nusu, nusu uate." Chukua nusu, nusu uiache. Ukileta watu thelathini na mikasi, nusu ya nani itabaki? Mlonge tuliuona. Ulikuwa mti wa uani, majani yake unachuma bure unapika. Ukaitwa moringa, ukatiwa kwenye vidonge na pakiti, na sasa kuna watu wanauona ni dawa ya matajiri huku wenyewe wanao nyuma ya choo.

Kwa hiyo wote mnaoniuliza lokesheni, sitaweka. Msiniombe kwenye inboksi. Na wale wa programu za simu za kutambua mimea, nawaomba kwa jina la Mungu: kuna mmea unaitwa mnanaha, unaota kwenye jalala na kando ya mashamba pale pale unapoota mchicha, na majani yake machanga yamewahi kuwekwa sufuriani na watu waliodhani ni mboga. Ukiula unaanza kuona vitu visivyokuwepo, moyo unaenda mbio, na unaweza kufa. Hata mnavu, vitunda vyake vibichi vya kijani haviliwi. Simu yako haijui hayo kwa uhakika wa kukuwekea maisha. Mtu aliyeula miaka sitini anajua. Na usichume kwenye vichochoro vya mji wala kwenye mitaro. Hapo punda kweli wametangulia, tena si kwa kula.

Kwa wale wa kaunti na wa mashirika ambao huwa mnasoma kimya kimya, mambo mawili. Mkipima ardhi, muwaulize wanawake wanaoitumia wanachuma nini hapo na miezi gani, na mwandike, hata kama hakuna mnazi. Na mkizungumza kuhusu kurudisha maisha ya kawaida Basuba, msihesabu madarasa na zahanati peke yake. Kuingia msituni kuchuma nako ni maisha ya kawaida. Wakae wazee wa Aweer na maafisa wa usalama, waelewane siku na njia, watu waingie na watoto wao wakati wa likizo. Haihitaji mabilioni. Inahitaji mtu akubali kwamba kile ni chakula.

Kwa wewe wa umri wangu, uliyeko Lamu na hujui pa kuanzia, uliza nyumbani kwanza. Utashangaa nani anajua. Kwetu aliyejua baada ya bibi ni mjomba ambaye tulidhani anajua mpira tu. Kama nyumbani hakuna, nenda sokoni mbele ya ngome asubuhi mapema. Kuna akina mama, wengine Wagiriama, hukaa chini na mafungu madogo yasiyo na kibao cha bei. Mchunga wao wanauita mutsunga. Wasalimie vizuri, nunua, usipunguze bei, halafu uliza jina la kila jani na linapikwaje. Wakiwa na nafasi watakuambia mpaka lipi lichanganywe na lipi. Ukiwafikia na kamera kabla ya salamu, watakuuzia tu, na pengine watakuuzia lile gumu.